Janti za Inchi 18: Pambo, Israfu, au Haki ya Abiria?



Mtu akiniuliza kama ni haramu kuivalisha Mercedes kuukuu janti za inchi 18 na kuishusha chini kwa springi fupi, jibu langu la haraka ni kwamba si haramu. Sijui aya wala hadithi iliyokataza janti. Mali ni ya mwenyewe, kaichuma kwa halali, na kanuni tunayofundishwa mapema kabisa katika fiqhi ni kwamba vitu kwa asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuvikataza. Tungeweza kuufunga mjadala hapo tukaenda kuswali. Ila jibu hilo ni dogo kuliko swali lililoulizwa. Aliyeuliza hakutaka kujua tu kama ataandikiwa dhambi. Alitaka kujua kama ni jambo jema kwa mtu kama yeye, mahali kama pale, kwa gari kama lile.

Aliyeuliza ni mtoto mkubwa wa baba mdogo, ambaye mimi namwita kaka. Gari ni Mercedes 230E, lile umbo la W124 lililoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1984. Liko Makebuko, katika mkoa wa Gitega, na wenzangu waliokulia Buyenzi wataniuliza Mercedes inafanya nini kule milimani wakati kila mtu anaendesha Probox. Baba mdogo alilinunua likiwa tayari limezeeka, kwa mtu aliyekuwa anahama, na sababu kubwa aliyotupa ni kwamba usukani wake uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kuingia kwetu kupitia mpaka wa Kobero, kule Muyinga, yametoka Japani na usukani wake uko kulia. Dereva akitaka kulipita lori kwenye kona inabidi amuulize abiria wa mbele kama njia ni nyeupe. Baba mdogo alisema hataki kuweka roho yake mikononi mwa abiria.

Kaka anafanya biashara kati ya Muyinga na Gitega, na kwa muda mrefu amekuwa akijiwekea akiba. Sasa amepata janti nne zilizotoka Dubai, pamoja na springi za kulishusha gari sentimita 4. Baba mdogo hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Muulize huyo anayesoma." Ndipo kaka akanipigia simu: "Mdogo wangu, niambie kwa dini, usiniambie kwa wivu."

Mimi si mufti, na pale penye hukumu tuwarudie wenye elimu. Naandika kama mwanafunzi anayefikiri mbele ya wanafunzi wenzake, kwa sababu naamini wengi wetu tuna janti zetu. Kwa mmoja ni simu, kwa mwingine ni viatu, kwa mwingine ni kompyuta yenye nguvu kuliko masomo anayoyasoma.

Nianze na kile ambacho kaka ana haki nacho, kwa sababu katika mihadhara yetu ya Ijumaa jioni mara nyingi tunakiruka. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda, na anataja makusudio mawili ya kuumbwa kwao: wapandwe, na wawe pambo. Kisha anasema kwamba anaumba na vingine tusivyovijua. Wapo wanaoona katika maneno hayo ya mwisho ishara ya vyombo vya zama zetu. Hata ukiliacha hilo, makusudio mawili yamebaki palepale. Kipando katika Qur'ani hakikuwa chombo cha kufikia safari peke yake. Uzuri wake umetajwa kama neema, kwenye sentensi ileile iliyotaja manufaa yake. Na katika Surat Al-A'raf, aya ya 31 inakataza israfu, na papo hapo aya ya 32 inauliza ni nani aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu. Anayesoma ya kwanza akaacha ya pili amesoma nusu ya ukurasa.

Mtume (s.a.w.) alipokemea kiburi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Jibu, kama lilivyopokewa katika Sahih Muslim, lilikuwa kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kumwambia kijana "unataka kujionyesha tu" hakutoshi. Kwanza hatujapasua moyo wake. Pili, hata mimi nikiliona gari lile likiwa limeoshwa, limesimama mbele ya nyumba jioni, na ule mstari wake wa mwili ulionyooka, nafurahi. Si mimi wala si kaka tuliyeuanzisha uzuri huo.

Basi tatizo liko wapi? Wengi watasema: israfu. Lakini israfu ni neno tunalolitumia bila kulipima. Tukisema israfu ni kutumia fedha nyingi, tutauliza nyingi kwa nani? Fedha za janti zile ni mtaji wa mama anayeuza ndizi, na ni kodi ya mwezi mmoja tu kwa baadhi ya nyumba za Bujumbura. Tukisema ni kutumia kupita haja, basi zulia la msikiti nalo limepita haja, kwa kuwa mkeka unatosha. Wafasiri waliokuwa karibu na zama za Mtume hawakupima kwa kiasi. Kutoka kwa Ibn Mas'ud na Ibn Abbas imepokewa kwamba ubadhirifu ni kutumia pasipo haki. Na Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alikwenda mbali zaidi: mtu akitoa mali yake yote katika haki hakufanya ubadhirifu, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki amefanya. Kwa kipimo hicho bei ya janti haituambii lolote. Tunalotakiwa kuuliza ni haki ya nani imeguswa.

Hapa ndipo inabidi tuingie chini ya gari.

Tairi la kiwandani la gari hilo ni 195/65 kwa janti ya inchi 15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127. Hizo ndizo sentimita karibu 13 za mpira na hewa kati ya ukingo wa janti na barabara. Janti ya inchi 18 kwa kawaida itavalishwa tairi la 225/40, na asilimia 40 ya 225 ni milimita 90. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki, kwa kuwa yote mawili yana karibu milimita 635. Kilichobadilika ni kwamba milimita 37 za mpira zimegeuka kuwa chuma. Kwenye lami ya Ulaya iliyonyooka mabadiliko hayo yana faida: tairi fupi na pana halipindiki sana kwenye kona, na usukani unajibu haraka. Kwenye njia ya udongo mwekundu baada ya mvua ya Aprili, yenye mawe yaliyofichwa na maji, ubavu wa tairi ndio unaolipokea pigo la kwanza. Ukiupunguza, pigo linahamia kwenye janti, kisha kwenye beringi, kisha kwenye mikono ya sasispenshani, na mwisho kwenye mgongo wa aliyekaa nyuma.

Springi fupi zinaongeza jambo lingine. Gari likiwa na watu watano na gunia la maharage kwenye buti linakaa chini hata kabla hujalishusha. Ukiondoa sentimita 4 nyingine, nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka inabaki ndogo, na kila shimo litaipeleka sasispenshani mpaka mwisho wake. Chini ya injini kuna sufuria ya oili, na jiwe moja likiitoboa, injini inakufa ikiwa hujazima haraka. Gurudumu la nyuma nalo linalala kidogo kwa ndani, na tairi linalika upande usioonekana.

Jambo linalonitia hofu kuliko hayo yote ni dogo, na mafundi wenye haraka hulipuuza. Boliti za magurudumu za Mercedes hiyo zina kikalio cha mviringo, kama kipande cha mpira wa kuchezea. Janti nyingi ambazo hazikutengenezwa na kiwanda chenyewe zinataka boliti yenye kikalio cha koni. Ukiifunga boliti ya mviringo kwenye tundu la koni, itakaza, na utaona imekaza, lakini vyuma vinagusana kwa ukingo mwembamba tu. Baada ya kilomita kadhaa za kutikiswa inaweza kulegea. Kaka aliponitumia picha za janti zile, boliti hazikuwemo kwenye bei. Nilipomuuliza alisema muuzaji amemwambia zile za zamani zitafaa.

Sasa tuyachukue haya tuyaweke mbele ya wanazuoni wetu. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, aliyagawa maslahi ambayo sheria imekuja kuyalinda katika ngazi tatu: dharura, haja, na mapambo au ukamilisho, ambao wao wanauita tahsini. Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, aliijenga juu ya mgawanyo huo sehemu kubwa ya kitabu chake Al-Muwafaqat. Wengi wetu tunaijua ngazi hiyo kwa ajili ya mtihani, na tunaielewa vibaya. Tunadhani tahsini ni takataka ya chini, kitu cha kuachwa na mcha Mungu. Shatibi hakusema hivyo. Kwake tahsini ni sehemu ya makusudio ya sheria. Usafi, adabu ya kula, kujipamba unapokwenda msikitini, yote yamo humo. Ameweka sharti moja tu ambalo mimi naliona ni ufunguo wa suala letu: kikamilisho kisije kikaibatilisha asili kinayoikamilisha. Kikifanya hivyo, kinaanguka, kwa sababu asili ikianguka na kikamilisho chake hakina pa kusimama.

Kwa gari, asili ni nini? Ni kumfikisha mtu salama. Janti inayong'aa ni kikamilisho. Ikiwa janti inang'aa na gari linafika salama, tuna asili na kikamilisho pamoja, na Alhamdulillah. Ikiwa tumeupata mng'ao kwa kuuza sehemu ya usalama, tumekikata kitawi tulichokikalia.

Hata hivyo mgawanyo huu si mwepesi kama unavyoonekana kwenye ubao wa darasa. Mtu anaweza kusema: amotisa ni dharura, janti ni pambo, basi nunua amotisa uache janti. (Sisi tuliorithi Kifaransa cha gereji tunasema amotisa, ndugu zetu wa Tanzania wanaita shokapu, na mimi nimeshawahi kuona fundi wa Gitega na dereva wa Kigoma wakibishana dakika nzima kabla ya kugundua wanazungumzia kitu kimoja.) Lakini kuna amotisa za bei ya chini na kuna za bei ya juu. Za juu zinaituliza gari vizuri zaidi, breki zinashika mapema kwa sababu tairi halirukiruki, na abiria hatapiki njiani. Je, tofauti ya bei hiyo ni dharura au ni anasa? Na kuna janti ambayo ni dharura: ile ya asili ikiwa imepasuka, kuibadilisha si pambo. Kitu hakibebi ngazi yake usoni. Kinaipata kutokana na kazi kinayoifanya mahali kilipo. Janti ya inchi 18 kwenye barabara ya Muscat inaweza kuwa pambo lisilo na lawama. Janti hiyohiyo kwenye njia ya kupanda kwa baba mdogo inabadilika, ingawa chuma ni kilekile na nia ya mwenye gari ni ileile.

Nilimpelekea kaka hoja hii, naye akanijibu kwa hoja nzuri. Alisema: "Mimi ndiye ninayeendesha. Kama ni hatari, ni hatari yangu. Au mtu hana haki hata ya kuhatarisha kitu chake?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa. Sina haja ya kumjibu kwamba roho yake ni amana, ingawa ndivyo ilivyo, kwa sababu hatari hiyo si yake peke yake. Watu wa Makebuko wanalijua gari lile kuliko wanavyomjua mwenyewe. Usiku mwanamke akishikwa na uchungu na gari la wagonjwa halijafika, mlango unaogongwa ni wa baba mdogo. Gari hilo limebeba maharusi, limebeba jeneza la Mkristo jirani na jamaa zake, limebeba bibi yetu kila anapokwenda hospitali Gitega kwa ajili ya magoti yake. Sisi Waislamu ni wachache nchini, na pale mlimani ni wachache zaidi. Heshima tuliyo nayo kwa majirani imejengwa na mambo kama hayo kuliko na mawaidha. Katika miaka hii ya uhaba wa petroli, watu walipolala kwenye foleni za vituo, majirani waliichangia tangi la Mercedes ile kidumu kwa kidumu ili isikose mafuta ya dharura. Mtu aliyetoa lita mbili za petroli yake hana hati ya kumiliki gari. Ila je, hana lolote?

Hapa naikumbuka ile hadithi ya farasi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alisema farasi kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa mwingine ni mzigo wa dhambi. Wa kwanza amemfunga katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wa tatu anamfuga kwa majivuno na kujionyesha. Anayenigusa mimi ni yule wa katikati, kwa sababu ndiye anayefanana na sisi: anamfuga farasi ili ajitosheleze asiwaombe watu, na hasahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Wanazuoni wamejadili haki hiyo ni ipi. Wapo waliosema ni kuwabeba wenye haja. Ukiifuata kauli hiyo, mgongo wa kipando una haki ndani yake ambayo si ya mwenye kipando. Anayemiliki anaweza kumpamba farasi wake kwa hatamu ya fedha akitaka, lakini hawezi kumpamba kwa namna inayomfanya asibebeke.

Kaka angesema nimeligeuza gari la baba yake kuwa mali ya umma. Sijafika huko. Jirani hana haki ya kuamrisha rangi ya gari, wala kuzuia lisiuzwe. Nasema tu kwamba anayeruhusu watu walitegemee gari lake kwa miaka, kisha akalibadilisha lisiweze kuwabeba, amewaondolea kitu, na kitu hicho kinatakiwa kiwekwe kwenye mizani anapohesabu gharama. Katika hesabu yake ya simu kulikuwa na bei ya janti, bei ya springi na ufundi. Magoti ya bibi hayakuwemo.

Pana hoja nyingine ambayo si kaka aliyeisema, ni rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja. Alisema: "Kosa ni la barabara. Barabara ingekuwa nzuri usingeandika makala hii." Ana sehemu ya ukweli. Inasimuliwa kwamba Umar ibn al-Khattab (r.a.) aliogopa kuulizwa na Mola wake kuhusu mnyama atakayejikwaa Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Wenye dhamana ya barabara wana hesabu yao, na sisi tunaosoma uhandisi tukumbuke kwamba siku moja hesabu hiyo itakuwa yetu. Lakini barabara mbovu haimpunguzii wajibu anayejua kuwa ni mbovu. Inamwongezea. Mwenye nyumba kwenye bonde la mafuriko hawezi kujenga kwa udongo mtupu kisha akasema kosa ni la mvua.

Nisiache kutaja uuzaji, maana ndiko mambo haya yanakoishia mara nyingi. Wapo wanaonunua janti za kung'aa wiki moja kabla ya kuliuza gari. Macho ya mnunuzi yanakwenda kwenye janti na hayashuki kwenye bushi zilizochakaa wala kwenye amotisa inayovuja mafuta. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta limelowa chini, na akamwambia mwenye nafaka kwamba ilipasa aweke iliyolowa juu watu waione, na kwamba anayedanganya si katika sisi. Sitamdhania kaka hivyo, kwa kuwa hana nia ya kuliuza. Ila gari la baba mdogo lina bushi za mbele zilizopasuka na amotisa moja ya nyuma imekauka, na kaka analijua hilo. Kuliweka juu lile lililo kavu kwa kuvalisha janti mpya, huku lililolowa likibaki chini, ni mfano wa rundo lile, hata kama mnunuzi hayupo. Anayedanganywa ni abiria, ambaye akiona gari limependeza anaketi kwa amani zaidi kuliko ilivyostahili.

Nilichomshauri ni hiki. Fedha ya kwanza iende kwenye bushi, amotisa nne na boli jointi, pamoja na kupima magurudumu baada ya hapo. Kazi hiyo haitaonekana na mtu yeyote, ila itasikika kwa kila atakayepanda. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, na alipotoa mfano alitoa wa kuchinja, kwamba kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Alichagua kazi ambayo mnyama hawezi kukushukuru, wala mpita njia hakusifu. Bushi ni kazi ya aina hiyo. Springi fupi aziache kabisa. Gari hilo lina vipande vya mpira juu ya springi ambavyo vinatengenezwa kwa unene tofauti, na unene unatambulika kwa vinundu vya kuhesabu kwa kidole. Akitafuta vyenye vinundu vingi zaidi gari litanyanyuka kidogo, na hilo ndilo boresho ambalo mlima wa Makebuko unalihitaji.

Janti, nilimwambia, tushuke mpaka inchi 16 na tairi la 205/55. Ubavu wake ni kama milimita 113, kwa hiyo tunapoteza chini ya sentimita moja na nusu ya mpira, na gari litapendeza. Au achukue zile za asili za aluminiamu zenye matundu 15, azisugue na kuzipaka upya. Kwa maoni yangu hakuna janti iliyowahi kulifaa umbo lile kuliko hizo, lakini hilo si la dini, ni la macho yangu. Na katika hali zote mbili, anunue boliti zinazolingana na kikalio cha janti, zenye urefu sahihi, azifunge kwa mkono wake na kuzikaza tena baada ya kilomita 50 hivi.

Amekubali bushi na amotisa. Ameshamwagiza mtu wa Buyenzi, na fundi wa Gitega atazifunga baba mdogo atakapopata mafuta ya kushukia mjini. Springi fupi amezirudisha kwa shingo upande. Kwenye janti bado tunavutana. Anasema 16 ni janti za mzee, na kwamba yeye ana miaka 27. Pia ananiuliza swali ambalo sijalimaliza. Ikiwa haki ya wanaobebwa inapunguza uhuru wa mwenye gari kila anapowasaidia zaidi, basi bahili asiyembeba mtu amebaki huru kuweka janti za inchi 20, na mkarimu amefungwa na ukarimu wake. "Hiyo ndiyo haki?" aliniuliza. Nilimwambia bahili naye ana hesabu yake kwa kutobeba, tena kubwa zaidi. Akasema hilo linamhusu bahili, halimjibu yeye. Nimepanga kulipeleka swali hilo kwa sheikh wetu baada ya darsa ya Jumamosi, na yeyote mwenye jambo la kusema juu yake anakaribishwa kukaa nasi.